Viganja vya Kijani

Na ijulikane kwa waliopo na wasiokuwapo, kwa wenye mahema na wenye mikeka, kwamba asubuhi ile nuru ilishuka msituni kama malkia anayeshuka ngazi. Ikagusa jani, ikagusa jani, ikagusa vumbi, na vumbi likawa dhahabu. Kisha ikamwangukia Mheshimiwa wa Bweni la Pili, aliyechuchumaa nyuma ya choo.

Mheshimiwa ni jina la utani. Hajawahi kuchaguliwa hata kushika ufunguo wa stoo.

Msitu ule wa taifa ulikuwa na kambi mbili, na kila kambi ubao wake wenye namba. Moja ilikaa mtoni, mchanga laini kama unga, maji ya kuogelea mpaka mtu asahau hesabu. Nyingine ilikaa hapo chooni. Mlinzi wa msitu, mama mwenye buti kubwa, aliiita "karibu na huduma".

Kura zikapigwa kati ya mabweni mawili ya shule. Bweni la Kwanza likapata namba ya mto, Bweni la Pili likapata huduma. Hapo Mheshimiwa akawatangulia wote, akabadilishanisha mbao za namba.

Ewe msitu, mtunza siri, tunza na hii.

Basi Bweni la Pili likaogelea, likapiga mbizi, likalala likibembelezwa na maji. Mheshimiwa peke yake hakustarehe. Mbao zilikuwa zimepakwa rangi alfajiri ile. Maji yakaosha miguu yake, yakaosha soksi zake, yakaosha hata aibu ya mtihani wa fizikia. Viganja vikabaki kijani.

Na kesho yake ilikuwa siku ya kupanda maporomoko, siku aliyoihesabia muhula mzima. Atakayevunja sheria za kambi hapandi.

Ewe msitu, tunza, tunza.

Saa sita mchana ya siku hiyo mlinzi akaja kukagua moto. Kwake moto hauulizwi kwa maneno. Kila mtu huweka kiganja kitupu juu ya jivu, na kambi haihami mpaka viganja vyote vikubali kwamba limepoa.

Viganja vikashuka, kimoja kimoja.

"Na wewe uliyevaa soksi mikononi?"

"Nina baridi, Mama."

"Jua lote hili?"

"Muache, Mama," akasema jirani yake wa kitanda. "Huyo miguu yake imehamia juu."

"Vua, mwanangu. Jivu halijui soksi."

Soksi zikavuliwa. Jivu lilikuwa baridi. Kambi nzima ikatazama viganja, ikatazama ubao, ikatazama viganja.

"Wenzako watapanda," mlinzi akasema, akimkabidhi kopo na brashi. "Wewe utapaka mbao zote za msitu upya. Ukimaliza kabla jua halijashuka, nitakupandisha mwenyewe."

Bweni la Kwanza, ndugu zangu mliolala mkisikiliza mlango wa choo, mnisamehe. Mheshimiwa ni mimi. Nimebakiza ubao mmoja. Nuru inapenya majani, inagusa jani, inagusa jani, inafika kwenye viganja vyangu, na kwa jinsi vilivyo vya kijani kama majani hayo, inapita bila kujua kwamba imegusa mtu.