Habari za Kuoga

Rajab alimwonya Laurean mapema. "Akija huyo mama wa ustawi wa jamii, usifagie," alisema. "Mwache aione nyumba kama ilivyo. Ukimpikia na pilau, ataandika kwamba hamna shida, na ndiyo imetoka hiyo."

Laurean alicheka kwa pua. Rajab alikuwa rafiki yake tangu shule, hapo hapo Peckham, London, na kazi yake ilikuwa kea: kila asubuhi alipanda basi kwenda kuwaogesha wazee wa Kizungu majumbani mwao. Kwenye harusi za Watanzania, Laurean akiwa ndiye mshereheshaji, hakukosa kumtania mbele ya watu: "Mkono wa Rajab msiushike, umetoka kusugua vikongwe." Ukumbi wote ulicheka. Rajab naye alicheka.

Utani huo ulikuwa kabla ya Januari 2004, mwezi ambao Mama Valeria, mama yake Laurean, alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea wote, na Kiingereza alichokiokota kwa miaka kumi ya kusafisha ofisi za watu kikafutika, kikabaki Kiswahili. Nyumbani walikuwa wawili tu, ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Tangu mwezi huo, kila asubuhi Laurean alimfunga mama yake kitenge kikuukuu kuanzia kifuani, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, akammwagia maji juu ya kitenge na kumpitishia sabuni chini yake, yeye mwenyewe akiutazama ukuta. Mama alifumba macho na kusali rozari kwa sauti mpaka maji yafungwe. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Wakishatoka bafuni na mama kuvaa, Laurean alisema, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza wameonana siku hiyo, naye akaitika, "Marahaba, baba."

Nesi wa kwa daktari alipomwuliza kama yeye ndiye kea wa mama huyu, Laurean alijibu kwa ukali kwamba yeye ni mtoto wake, si kea. Nesi hakukasirika. Alimweleza kwamba kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, inaweza kumtuma mtu nyumbani apime mahitaji ya mama, na ya kijana mwenyewe pia. Huenda wakapewa mwanamke wa kuja kumwogesha mama kila asubuhi. Neno hilo, mwanamke, ndilo lililomfanya Laurean akubali. Hakuna kitu alichokitamani London nzima kama huyo mwanamke. Alipoulizwa kama atahitaji mkalimani, alisema ulimi wake unatosha.

Siku yenyewe ilipofika, alifagia. Alipika ndizi kwa nyama, akamvika mama gauni la Krismasi, akasukuma kiti cha plastiki uvunguni mwa kitanda. Kitenge kilichokuwa bado kinachuruzika alikitia kwenye mfuko na kuusokomeza nyuma ya mlango. Mgeni alikuwa anakuja, na mgeni haoneshwi uchafu.

Mgeni aliitwa Anne, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea mvuani. Alikula ndizi, akasifu, kisha akaweka fomu mapajani. Akauliza mama analalaje.

"Mama, anauliza habari za kulala."

"Nzuri," akasema mama.

Na chakula?

"Habari za chakula?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Na ngazi je, anaziwezaje?

"Habari za ngazi, mama?"

Mama alimtazama kidogo. "Nzuri."

Laurean alijua anachokifanya. Alijua kwamba ukimwuliza mtu wa kwao habari, atakwambia nzuri hata kama ametoka kuzika, na shida yake itakuja baadaye, nyuma ya neno ila, ukimpa nafasi. Yeye hakutoa nafasi. Kila "nzuri" ilipotua, aliiwahi na kuikabidhi kwa Kiingereza, na Anne akaandika.

"Na kuoga?" akauliza Anne. "Nani anamwogesha?"

Ulimi uliotosha ukakauka. "Binamu yangu," akasema. "Sidonie. Huja kila asubuhi." Kisha akamgeukia mama, bila kumtazama usoni. "Anauliza habari za kuoga."

Mama alilishika gauni lake magotini. "Nzuri," akasema.

Anne alifunga kalamu na kumwomba Laurean amsomee mama majibu kabla hajatia sahihi. Laurean akasoma. Mama analala vizuri. Anakula vizuri. Ngazi hazimsumbui. Kwa sasa hakuna huduma inayohitajika. Hapo ndipo alipomwona mawazoni yule mwanamke wa kuogesha akiondoka, kabla hata hajafika, na aliyemfukuza ni yeye mwenyewe.

"Umeruka mstari," mama akasema. "Wa kuoga."

"Kwamba unaogeshwa na Sidonie."

"Sidonie yupi? Wa Mwanza?"

"Huyo huyo."

"Mkono wake umekuwa mrefu." Mama hakucheka. "Laurean. Saa nzima unaniamkia tu. Sasa niulize."

Anne aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akangoja.

"Nani anakuogesha, mama?"

"Wewe. Nami naona haya kila siku ya Mungu, na wewe unaona haya, ndiyo maana hatusemi. Na mgongo unakuuma, nakusikia unavyohema ukinibeba ngazini. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Laurean alitafuta neno la kujifichia katika lugha zote mbili, akakosa. Alikumbuka ukumbi ukicheka, na Rajab akicheka nao huku ameficha mikono mifukoni.

"Ni mimi," akamwambia Anne. "Sidonie hayuko nchi hii. Mimi ndiye ninayemwogesha." Akayasema na yale mengine, akiangalia zulia. Kisha akaenda kukivuta kiti cha plastiki uvunguni, akakiweka katikati ya sebule.

Anne hakumkemea. Alikata mistari kadhaa, kisha akatoa fomu nyingine mkobani.

"Hii ni yako," akasema. "Wewe ndiye kea wake?"

Laurean alikitazama kiti cha plastiki. "Ndiyo," akasema.

"Na wewe unalalaje?"

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anauliza habari zangu za kulala."

Mama alimkazia macho, akingoja.

"Vizuri," Laurean akamjibu Anne, na kalamu ikaanza kushuka kwenye karatasi. Akainua mkono kuizuia.

"Ila," akasema.