Nzuri, Ila

"Habari za tangu tuonane?"

"Nzuri," kinyozi akajibu, mkono wake wa kulia kaukalia kama kitu cha wizi.

Mwanasaikolojia wa zahanati, mama mmoja asiye na haraka, alimtazama tu. Chumba kilikuwa kidogo, magoti yao yakikaribia kugusana. "Nzuri," akarudia. "Ila?"

"Ila nini, daktari?"

"Mimi nitajuaje? Mwenye ila ni wewe."

Kinyozi akaguna. Jamani, nani asiyejua jibu la habari? Hata nyumba ikiungua, habari ni nzuri, ila nyumba imeungua. Tatizo ni kwamba yeye, tangu kaka yake afariki ghafla, alikuwa akiishia kwenye nzuri. Mkewe akiuliza mbona huli, nzuri. Wateja wakiuliza anaendeleaje, nzuri. Mkono tu ndio uliokataa kuficha siri: ukishika wembe, unatetemeka. Juzi alimkata mteja sikio. Kidogo, lakini damu ni damu. Na kinyozi asiyeshika wembe ni kinyozi wa nini?

Lililomuuma zaidi lilikuwa la baba yao. Kaka ndiye aliyekuwa akimnyoa mzee ndevu, nyumbani, kwa wembe. Sasa ndevu zilikuwa zimemfunika, na mzee hakutaka mtu wa nje. "Nakungoja wewe, mwanangu," alisema. Kinyozi akaanza kukwepa mlango wa baba yake mzazi.

"Nilidhani utanipa dawa," akasema. "Mke wangu ndiye aliyenisukuma nije. Eti kinyozi hajinyoi."

"Mkeo ana akili. Dawa sina." Mama akainama mbele kidogo. "Ila?"

Nje mtu alikuwa akifagia. Kinyozi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ila namkasirikia!" Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Kaniachia duka, kaniachia mzee, hata kwaheri hakusema. Ndugu gani huyo? Na mimi ni mtu gani, kumkasirikia marehemu?" Akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake.

Mama hakumwambia ajikaze. Wa kumwambia ajikaze walishatosha.

"Hasira hiyo iko wapi mwilini?"

Kinyozi akautoa mkono aliokuwa ameukalia. Ulikuwa ukitetemeka.

"Basi usiukalie tena. Uache utetemeke, halafu umwambie kaka yako unayotaka kumwambia."

Alimwambia. Alimsema kama ndugu wanavyosemana, mengine hayafai hata kurudiwa. Katikati akajikuta anacheka, maana alikumbuka siku kaka alipomnyoa mteja nusu kichwa, akasinzia kwa kusimama, na mteja naye kalala. Alipomaliza kucheka, mkono ulikuwa umelala juu ya goti.

"Mkono ukianza tena je?"

"Utaanza tena. Wewe utanyanyua wembe, utangoja, utaendelea. Kwani nani anakukimbiza?"

Alitoka akijiona mwepesi, akasikia njaa ya kweli kwa mara ya kwanza tangu msiba. Lakini hakwenda kula. Alipita dukani kuchukua wembe mpya na sabuni, akaenda kwa baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkeo kaniambia. Habari ya mkono?"

"Nzuri, ila bado unatetemeka kidogo. Nitakwenda polepole."

Mzee alivuta kigoda penye mwanga, akaketi, akainua kidevu.

Mara mbili mkono ulianza vituko vyake, na mara mbili kinyozi akanyanyua wembe, akangoja, akaendelea. Shavu la kwanza likatoka safi, bila hata mkwaruzo. Alhamdulillahi! Nusura ampigie mkewe simu hapo hapo.

"Na wewe, baba, habari yako?"

"Nzuri," mzee akajibu upesi.

Kinyozi akauondoa wembe kooni mwa baba yake. Akausuuza kwenye bakuli taratibu, akaushikilia pembeni.

"Ila?"

Kidevu cha mzee, nusu povu nusu ngozi, kikaanza kutetemeka. Kinyozi akangoja, mkono umetulia.