Vichupa Vilivyoandikwa Mapema

Kengele ya Contessa ilinyamaza. Hicho ndicho nilichokigundua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Contessa ndiye ng'ombe aliyewaongoza wenzake wote. Kupanda mlimani Juni, kushuka Oktoba, yeye kwanza, Zingara nyuma yake, kisha wengine, kila mmoja na nafasi yake. Kwa hiyo siku daktari wa mifugo, Ersilia, alipokuja kuwachukua damu, nilikuwa nimeshaandika majina kwenye vichupa tangu alfajiri, kwa mpangilio huohuo. Shule sikuimaliza, naandika polepole, na niliona haya kuandika mbele ya mtu wa chuo kikuu.

Daktari alitaka kusoma vinasaba vyao: nani amerithi kinga inayoamka upesi homa ya mapafu ikiingia, na nani kinga yake husinzia. Homa hiyo ilikuwa imetuulia ndama sita. Mjomba Canio alikuwa na madume wachanga wawili, mtoto wa Contessa na mtoto wa Zingara. Angembakiza mmoja tu awe baba wa zizi, yule ambaye mama yake ana kinga imara.

Mlangoni mwa ujia wa mbao, ambamo ng'ombe hupita mmoja mmoja, Contessa akasimama, kengele ikanyamaza, akanusa glavu za daktari, akarudi nyuma. Zingara akapenya mbele yake.

"Bibi harusi kaona haya!" mjomba akacheka, akininyooshea kidole. "Kama Rocchina wetu!"

"Mzee, acha maneno, shika mkia," daktari akasema. Namba za masikioni hakuzitazama. Mjomba alikuwa amemhakikishia kwamba ng'ombe wake hawajawahi kukosea foleni. "Binti, kichupa!"

Nikampa cha kwanza.

"Mjomba..." nikaanza.

"Nini tena? Umemeza ulimi?"

"Hamna."

Contessa aliingia wa pili. Nikatoa kichupa cha pili. Jua lilipozama sanduku la barafu lilikuwa limekwisha kufungwa.

Majibu yalikuja majira ya kuchipua. Contessa: kinga dhaifu. Zingara: kinga imara.

"Hiyo karatasi haimjui Contessa," mjomba alisema. "Marehemu mke wangu Nunzia alimlea kwa chupa. Hajawahi kukohoa hata siku moja!"

"Karatasi haina upendeleo, mzee."

Mjomba alimvua Contessa kengele kwa mikono yake mwenyewe. Contessa na mwanawe wakapanda lori la mchinjaji, naye mjomba akaingia ndani bila kuaga.

Baridi ya mwaka wa pili, ndama wa yule dume, mtoto wa Zingara, walianza kukohoa. Walizaliwa ishirini na wawili. Tulizika kumi na saba, tukipasua udongo ulioganda kwa sururu. Daktari alirudi, akachukua damu upya, na safari hii akasoma namba za masikioni.

"Hailingani na ile ya kwanza," akasema, uso umempauka. "Kuna aliyekosea. Labda kule maabara."

"Hakuna mwingine aliyekosea, binti yangu," mjomba akamjibu. "Ni mimi. Mke wangu aliniachia ng'ombe, nami nikamuuza kwa karatasi."

Aliwauza waliobaki. Kengele akaitundika juu ya kitanda chake, na tangu hapo hakunitania tena. Tumemzika Februari.

Mjomba, hukukosea wewe. Zingara alipita kwanza. Nilimwona, na kichupa nilichokitoa kilikuwa na jina la Contessa.