Hukumu ya Mlinzi Aliyevuta Daraja Bila Idhini

Tegeni masikio, na mwenye kutaka kubisha angoje nimalize. Katika nchi ya Jasadi, ambako Sultani Fikirini alitawala kutoka kilele cha mji wa Fuvuni, hapakuwa na jambo, kubwa wala dogo, lililoruhusiwa kutendeka pasi na idhini yake. Ndivyo alivyopitisha waziri wake, Majivuno, mtu wa kilemba kikubwa na haya haba. Kila tarishi aliyepanda Njia ya Uti kwenda Fuvuni alilazimika kwanza kuoga, kujifukiza udi, kisha kuzisoma sifa zote za Sultani, ndipo aseme lililomleta. Loo! Hata kama nyumba inaungua!

Katikati ya njia hiyo palikuwa na lango, na mlinzi wake alikuwa mwanamke aitwaye Hima. Chini kabisa, ukingoni mwa bonde la moto, ulikuwapo mji wa Kidoleni, uliojengwa juu ya daraja ambalo wavuta kamba wa ukoo wa Misuli, waliokaa pale langoni, waliweza kulirudisha nyuma.

Asubuhi moja tarishi Hisia alifika langoni akihema, pindo la kanzu limeungua.

"Bibi Hima, moto umeruka kutoka bondeni, umeushika mji wa Kidoleni! Nipishe nikaoge, nipande kwa Maulana."

Hima alitupa macho bondeni. Kuoga? Kufukiza? Na watoto wamo mle! Akawageukia wavuta kamba, akapaza sauti: "Vuteni!" Daraja likarudi. Ndipo akamwambia Hisia, "Sasa nenda ukamweleze. Naye aumie, ni haki yake kujua."

Habari ilipofika Fuvuni, mji ulikwisha salimika zamani. Sultani alipiga yowe la maumivu, kisha la ghadhabu, na Hima akaitwa barazani. Maskini, alidhani anakwenda kushukuriwa.

"Umeitangulia akili ya nchi," alisema Majivuno, kisu mkononi. "Utakatwa ulimi, usipate kuamuru tena."

"Nikatwe ulimi? Kwa sababu ya watu niliowaokoa?" Akamgeukia Sultani. "Maulana, moto ukiruka tena, nani atasema vuteni?"

"Mimi," alijibu Sultani. "Hakuna kinachosogea Jasadi nisichokiamuru."

Akanyoosha mkono achukue kalamu atie sahihi. Hima, kwa hofu iliyokwisha sahau adabu, akamrukia na kugonganisha viganja, paa! mbele ya pua yake.

Kope za Sultani zikafumba.

Baraza zima likaduwaa, hata mpepeaji akasahau kupepea.

"Maulana," alisema Hima, askari wamekwisha mkamata mabega, "kope hizo zimeomba idhini lini?"

Sultani alifumbua macho. Waziri akawahi kupaza sauti.

"Uhaini! Uhaini usoni pa Maulana! Basi kope nazo zikatwe!" Akasogea na kile kisu, tena kwa heshima zote, ameinama.

Sultani alimtazama mtu aliyemwamini miaka yote hiyo, na mwili wake ukasisimka kuanzia utosini hadi nyayoni, wala hakuwa ameuamuru. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kitini.

"Mwachieni huyu mama arudi langoni, mbio," alisema. "Na waziri huyu, niondoleeni machoni pangu!"