Meno ya Mama

Kwetu hapakuwa na ugonjwa wa kichwa. Kikigonga kichwa, basi ni jino bovu limekipandia. Mama aliumwa kichwa miaka nenda rudi, na kila kilipomzidia, dada yangu alimpeleka kwa mng'oa meno wa sokoni, mtu asiye na maswali: ukimwonyesha jino, anaweka koleo. Mama akabakiwa na meno manne, akawa mtu wa uji tu. Siku alipoanguka jikoni na kufa, majirani walisema ni udhaifu wa kutokula vizuri. Tukaafiki.

Kwa hiyo kichwa kiliponianza mimi, dada alikata shauri palepale kwamba ni jino. Yule wa sokoni alikuwa ameshahama, ikabidi twende kliniki ya meno. Dada naye kichwa kilikuwa kikimsumbua, akasema tumalize yote safari moja.

Muuguzi akanifunga kitambaa cha mashine mkononi, akaanza kukijaza upepo. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo jicho lilikimbilia mishono, nayo ilikuwa imekwenda upogo. Nikamuuliza mkono na mdomo vinahusiana nini. Alipima, akapima tena, kisha akamwita daktari.

Daktari aliyagonga meno yangu moja moja.

"Meno yako mazima," akasema. "Una presha, tena iko juu sana, na huenda ndiyo inayokuumiza kichwa. Leo sing'oi kitu. Ukitoka hapa, nenda hospitali moja kwa moja."

Akauliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kuwa na presha. Nikamwambia hakuna, ila marehemu mama alisumbuliwa na meno, alikuwa akiumwa sana kichwa. Nikaishia hapo. Daktari akainamisha macho, nami nikamchukia kwa ile huruma yake.

Muuguzi akamgeukia dada, akamwomba mkono. Dada akauficha chini ya mtandio, akasema yeye amekuja kung'oa jino. Nikambembeleza, nikamwambia haiumi hata kidogo. Akanyanyuka, akatoka bila kuaga.

Nilimkuta nje ameegemea ukuta.

"Dada, rudi upimwe. Nimebaki na wewe tu."

"Nikipimwa wakaniambia hayohayo waliyokuambia wewe, mama tutasema aliuawa na nini? Nani aliyekuwa akimpeleka kung'olewa?"

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na mashine yake, anatungoja.

"Mama alikuwa na meno mabovu," dada akasema. "Hebu sema."

Nilijua kabisa kwamba nikilisema hilo, hatarudi ndani. Lakini uso wake sikuweza kuuvumilia.

"Yalikuwa mabovu, Dada."

Akashusha pumzi, akajitanda vizuri mtandio wake, akaenda kutafuta mng'oa meno mwingine.