Zamu ya Choo

Rania alipohama kwao Kibera kwenda kuishi peke yake Kawangware 46, ukoo wake mzima wa Kinubi ulimsindikiza kama bibi harusi, wengine wakilia. Mamake alimpa sharti moja tu: ukishindwa, unarudi nyumbani. Nyumbani kulikuwa raha, watu hawapungui, lakini hata sukari ya chai yake ilikorogwa na mtu mwingine.

Ploti ilimpokea vizuri. Vizuri kupita kiasi. Kila Jumamosi wapangaji huosha choo kwa zamu, na zamu ya Rania ilipofika, Mercyline wa mlango wa kwanza alimnyang'anya ufagio.

"Aki wewe pumzika, mrembo. Sisi tuko."

Rania alikuwa hoi kwa kupaka wateja kucha kule saluni ya steji ya 56, akakubali. Hapo ndipo alipokosea, maana kwenye ploti ile asiyeosha choo haitwi kwenye kikao cha wapangaji, na hakuna aliyemwambia.

Halafu akaenda kwao kwa harusi ya binamu, akakaa huko karibu wiki. Akarudi Jumamosi jioni, mkojo umembana. Akajisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi uani, akakuta mlango wa choo umepanda juu. Mbele yake ngazi mbili za saruji, mpya, zimekauka vizuri.

"Ni mafuriko, Rania," Mercyline alisema, mikono ndani ya beseni la nguo. "Mvua ikinyesha, mtaro wote unaingia ndani. Tukaongea na mwenye ploti, fundi akainua."

"Mliongea lini?"

"Kwa kikao."

"Na mimi?"

"Si wewe huoshi?" Akauona uso wa Rania, akalainisha sauti. "Usijali, dada. Nitakuletea ndoo kwa nyumba. Namwaga mwenyewe, hakuna mtu atajua."

Ploti nzima ingejua kabla ugali haujaiva, na Kibera kabla ya watu kulala. Simu ikalia mfukoni. Mamake. Rania akaiacha ilie mpaka ikanyamaza.

"Leo ni zamu ya nani?"

"Yangu. Kwani?"

"Nipe ufagio."

"Rania, wachana na—"

"Mercy. Nipe."

Rania akaupokea, akateremka kitini, akakaa ngazi ya kwanza, akajivuta kwa mikono hadi ya pili, dera likilowa maji ya kufulia yaliyomwagika, miguu ikiburutika nyuma. Ndani akafunga mlango, akajisaidia kwanza, kwa shida, ameshika ukuta. Kisha akamwaga sabuni ya unga, akasugua sakafu, kuta, mpaka nyuma ya mlango.

"Hawa watu wa Kibera ni wabishi," sauti ilisema huko nje.

"Nyamaza," mwingine akamkemea. "Watu watasema tumemtesa."

Akatoka, akajiteremsha ngazi, akarudi kitini.

"Nimeosha. Sasa niitieni kikao."

Hakuna aliyecheka. Stuli zikatolewa moja moja, wakakaa uani, mtu akaleta chai. Rania alitaka kulala tu. Wakaanza na taka. Wakaja kwa mtu anayeiba pegi za nguo, na hapo wakagombana mpaka giza likaingia. Mercyline akamnong'oneza aende abadilishe nguo, watamwambia baadaye wameamua nini.

"Niko sawa," Rania alisema, dera likimganda mapajani. "Endeleeni. Mkimaliza pegi, nina neno juu ya hizi ngazi."