Chaki Kwenye Daftari

Mjomba ananiita Feni, kwa sababu nazunguka siku nzima na sifiki popote. Ndivyo ilivyo tangu nimalize shule. Nakaa dakika mbili, nasimama. Nafungua dirisha, nalifunga. Natumwa chumvi, narudi na kiberiti. Mama alivumilia mwezi wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akasimamisha cherehani, akavua miwani.

"Sikiliza, mwanangu. Mwezi huu ukiisha bado unazunguka, Jumatatu yake unakwenda kwa fundi friji. Nimeshaongea naye."

Fundi friji ni mtu mzuri, sina neno naye. Nilishawahi kushinda kwake siku nzima. Alinipa tochi nimmulikie, mimi nikawa natazama anavyokunja midomo akipambana na skrubu ngumu, basi na tochi nayo ikahamia kwenye midomo. Akaniambia taratibu kabisa, "Kijana, mimi sijaharibika. Iliyoharibika ni friji."

Ndiyo nikakimbilia kwa mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama. Anachora picha za vitabu vya shule. Ukiona kitabu kina jino limepasuliwa katikati, na mishale inaonyesha hapa mzizi hapa neva, inawezekana ni lake. Anafanyia kazi chumba cha nyuma cha duka la mama la ushonaji. Mama yuko mbele na cherehani, mjomba yuko nyuma na kalamu, katikati kuna pazia ambalo halijawahi kufungwa vizuri kwa sababu wote wawili wanapenda kugombana huku wanafanya kazi.

Kilichonishangaza kule nyuma si meza wala wino. Ni rafu ya madaftari. Nilidhani mchoraji akitaka kuchora anachora tu, basi. Kumbe mjomba ana madaftari ambayo hakuna aliyemwagiza. Kuna daftari la migongo, watu waliopanga foleni wakitazamwa kwa nyuma. Anasema uso ukijua unachorwa unajikaza, lakini mgongo hauna habari. Kuna daftari la viti vilivyovunjika na jinsi wenyewe walivyovifunga kwa waya na kamba na mipira. Amefika kiti cha sitini na tatu. Na kuna la mlango wa duka la mkabala, ambao anauchora kila siku saa nne asubuhi, mwaka wa tisa sasa. Nilipitisha kurasa haraka haraka, nikaona mlango unabadilika rangi mara nne, paka anazaa, mwenye duka ananenepa.

"Sasa hii yote ya nini, mjomba?"

"Wewe unapiga mswaki wa nini?"

Ana masharti yake. Kalamu ya wino, hakuna kufuta. Ukurasa hauchanwi hata uwe mbaya namna gani. Na chini kabisa, ukimaliza, unaandika tarehe na mstari mmoja unaoanza na "Leo nimekosea". Kila ukurasa. Miaka yote hiyo, mtu mzima anaandika alichokosea. Kuna mmoja umeandikwa, "Leo nimekosea: nimempa paka goti la mtu." Nilicheka mpaka mama akauliza huko nyuma kuna nini.

Akanipa daftari jipya. "Kitu kimoja, kilekile, kila siku, mpaka liishe."

"Kitu gani?"

"Kile ambacho hata usipoambiwa unakitazama."

Sikufikiria sana. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya mama, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka duniani ni mikono yake inakuja na kurudi juu yangu. Tatizo ni kwamba mama hapendi kutazamwa akishona. Ukisimama mbele yake anasema, "Unanikodolea hivyo unataka nijishone vidole?"

Basi nikajibanza. Mama anakaa ametazama barabarani, mgongo kwetu. Lakini pembeni ya mlango wa mbele kuna kile kioo kikubwa cha kujaribia nguo. Ukikaa kwenye kona ya meza ya mjomba, ukasogeza pazia kidogo, unamwona mama mzimamzima ndani ya kioo, uso, mikono, cherehani, kila kitu. Na yeye hana habari. Nikajiona mjanja kuliko wote.

Nikachora. Siku za mwanzo ni aibu. "Leo nimekosea: shingo. Mama si twiga." "Leo nimekosea: vidole sita." Lakini siku ya tisa au ya kumi hivi mjomba akanyanyua kichwa kwenye michoro yake ya mifupa akasema, "Feni imezimika. Umeme umekatika?" Nikajitazama. Mguu ulikuwa umetulia. Mguu wangu huu, ambao darasani ulikuwa unatikisa dawati la watu watatu.

Sasa mhariri wa kampuni ya vitabu alikuwa anatafuta mtu wa kuchora kitabu kidogo cha watoto kuhusu fundi cherehani. Mjomba alikuwa amezama kwenye kitabu cha mifupa hawezi kutoka, akamwambia, "Nina mpwa wangu ana daftari, njoo ulitazame." Mhariri akasema atapita Alhamisi alasiri. Hiyo Alhamisi ilikuwa ya mwisho kwenye mwezi. Hesabu ilikuwa nyepesi: akipenda, nina kazi. Asipopenda, Jumatatu nashika tochi.

Alhamisi nikafika dukani kabla hata mama hajafungua. Nikafagia. Nikafagia tena. Ilipokaribia alasiri mama akasema, "Hebu kwanza nione hicho anachokuja kutazama. Duka ni langu, nisije nikaonekana mjinga."

Nikampa daftari. Ndiyo kwanza anajua kwamba nimemchora mwezi mzima. Akavaa miwani. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili. Mimi nikawa namtazama mdomo. Ukaanza kutabasamu, halafu ukasita.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona gurudumu la cherehani liko mkono wangu wa kushoto?"

Nikasogea. Nikatazama cherehani yenyewe pale mbele yake. Gurudumu kulia. Nikatazama daftari. Kushoto. Akafungua ukurasa mwingine. "Mkasi, kushoto. Na hii blauzi, mwanangu, umenivalisha vifungo vya kiume. Miaka ishirini na nne nashona nguo za watu, leo natoka kitabuni nimevaa shati la mwanaume."

Kile kioo. Mwezi mzima nimechora kioo. Na dalili zilikuwepo. Maandishi ya kwenye boksi la nyuzi yalikuwa yananichanganya, nikaona isiwe taabu, nikawa nayaruka. Kurasa ishirini na nane, mama wa shoto, na chini ya kila ukurasa nimejiandikia nilichokosea, shingo, kidole, sikio, na hilo kubwa kuliko yote sikuliona hata siku moja.

Mjomba akatoka nyuma na kalamu sikioni. Akatazama. Akatazama tena. "Lo," akasema.

"Na wewe," mama akamgeukia. "Unakaa humu miaka yote, hujui cherehani inazungushwa na mkono gani?"

"Dada, mimi natazama mistari. Cherehani ni yako."

Akachukua daftari akaegemeza ukurasa kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upenye, tuuone kwa nyuma. Mama akageuka wa kulia, vizuri kabisa, ila katikati ya tumbo lake ikatokea picha ya upande wa pili, mama mwingine anapindua kola. Mjomba akashusha daftari. Nikalichukua, nikashika ukurasa wa kwanza kwa vidole viwili.

"Hauchanwi," mjomba akasema.

"Mjomba, anakuja sasa hivi."

"Hauchanwi. Hata akija rais."

Mimi nikaanza kuzunguka. Mlangoni, dirishani, mlangoni. Mama alikuwa ameninyang'anya daftari, amekalia kiti chake nalo mapajani, na akafanya kitu ambacho huwa anafanya nguo ya mteja ikirudi ina kasoro: akachukua chaki. Ile chaki bapa ya kushonea. Akaweka alama ndogo ya msalaba pale gurudumu lilipotakiwa kuwa, kwenye ukurasa wa kwanza, halafu wa pili, halafu zote. Alikuwa hasahihishi kwa hasira. Alikuwa anaweka alama kama vile hii nguo inarekebishika. Alipofika mwisho akakuta kurasa mbili tupu.

"Lete kile kigoda."

Nikaleta.

"Weka hapa. Mbele yangu. Kaa."

"Mama, ulisema hutaki kutazamwa."

"Nilisema sitaki kukodolewa na mtu aliyesimama kama mgambo. Wewe ulishawahi kuniomba nikuchoree? Yaani, unichore? Siku moja tu?"

Sikuwahi. Mwezi mzima nimejibanza nyuma ya pazia kama mwizi wa kuku, na ruhusa ilikuwa inapatikana kwa sentensi moja.

"Kaa basi. Nina zipu ya kuweka hapa, nitakwenda polepole."

Nikakaa. Magoti yangu yalikaribia kugusa meza ya cherehani. Ukimtazama mtu kwenye kioo hujui kwamba anahema. Sikuwa najua kwamba mama anapokaribia kona ya mshono anaacha kuhema kabisa, na akishaipita anashusha pumzi. Sikuwa najua kwamba kidole chake cha shahada kina alama ya sindano iliyopona imejikunja. Cha mkono wa kulia, nilihakikisha. Mwanzoni alikuwa amejikaza shingo kama anapigwa picha ya pasipoti. Baadaye zipu ikamkorofisha, akanisahau.

Mara moja tu alinyanyua macho, akanitazama juu ya miwani, na mikono iko palepale kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipomchora.

Nilipomaliza nikaandika tarehe. Halafu "Leo nimekosea", nikakaa nayo kidogo, nikamalizia.

Mhariri akaingia mimi bado nimekalia kigoda. Dada mmoja mrefu, na begi kubwa limejaa karatasi. Akasalimia, akapewa kiti, akalifungua daftari bila maneno mengi. Nilitaka kumwambia kabla hajaona, mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Akapitisha kurasa. "Hizi alama nyeupe ni za nini?"

"Ni zangu," mama akasema. "Hapo amekosea. Amechora kwenye kioo, kila kitu kimegeuka. Mimi si wa shoto."

Mhariri akatazama kioo, akatazama pazia, akatutazama sisi watatu tulivyokaa kama tuko polisi. Akaanza kucheka taratibu. "Dada, hiyo kompyuta inageuza. Unabonyeza mara moja."

Mjomba akatoa kalamu sikioni.

"Mara moja?" mjomba akauliza.

"Mara moja."

"Kwa hiyo," mama akasema, "nimekaa mbele ya jicho la huyu mtoto saa nzima bure?"

Mjomba akarudi nyuma ya pazia. Nilimsikia anavuta daftari lake la mlango, na baadaye nilichungulia alichoandika: "Leo nimekosea: sikuona kioo. Wala kompyuta."

Lakini mhariri alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, na hapo hakupitisha. Alikaa nao. "Hizi nyingine ni nzuri," akasema, "ila fundi yuko mbali, kama namtazama dirishani. Huyu hapa ananiona." Akasoma ule mstari wa chini, akamtazama mama, akamgeuzia daftari asome mwenyewe.

Niliandika hivi: "Leo nimekosea: nimechelewa kumuomba."

Mama alisoma. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la kile kitambaa cha mteja, kitu ambacho ningekifanya mimi ningesikia habari yangu mtaa mzima. Halafu akasema, "Umenichora na huu mkunjo wa shingoni."

"Upo, mama."

"Najua upo."

Picha nane, wiki tatu. Ndivyo mhariri alivyosema, na zote nizichore nikiwa kwenye kigoda, si nyuma ya pazia. Nikimpa moja ya ovyo atairudisha bila kuona haya. Nikasema sawa. Nikasema ahsante mara nyingi mpaka mjomba akaita kutoka nyuma, "Feni, zima, ameshasikia."

Mhariri alipoondoka, mama akazungusha cherehani. "Sasa fundi friji nitamwambia nini?"

"Mwambie friji zake ziko salama."

Alicheka mpaka mshono ukapinda, ikabidi aufumue. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kumwambia fundi friji, na alinishika mkono kwa furaha ambayo sikuipenda sana.

Niko kwenye picha ya tano. Mama kila siku ananiambia amechoka kutazamwa, na kila siku nakuta kigoda kimeshawekwa mahali pake, na yeye amevaa ile blauzi ya bluu ambayo zamani ilikuwa ya kwendea mikutano ya shule. Mjomba amenunua daftari la pili, anasema hili nililipe kwa kuchora mikono ya fundi friji. Nitamuomba kwanza.

Lile la zamani liko kwenye rafu, karibu na migongo. Misalaba ya mama bado ipo, ila chaki haishiki sana kwenye karatasi. Kwa hiyo nikilishusha nalifungua kidogo kidogo, na nikifika ukurasa wa kwanza nageuza uso pembeni ili nisiipumulie.